Unataka gari la zamani huku Nyanda za Juu Kusini? Anza na chasisi na kadi

#1 Mia na Tisa (Mbeya)

Wakuu, habari zenu.

Nikiegesha Land Rover yangu Kabwe au Soko Matola, hakosekani kijana au mzee wa kuizunguka, akaugonga mlango kwa kidole, kisha akauliza: "Na mimi naitaka ya zamani, nianzie wapi?" Jibu la kusimama barabarani halitoshi, ndiyo maana nimefungua uzi huu. Gari langu ni Series III (toleo la tatu), 109 (ndizo inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma) ya petroli, la mwaka 1976. Nimekaa nalo miaka tisa. Nimeshuka nalo Kyela, nimepanda nalo Chunya, nimelipeleka Njombe mwezi wa saba wakati nyasi zinaamka nyeupe kwa baridi. Ninayoandika hapa nimeyashika kwa mikono yangu.

Neno langu ni moja: nunua chasisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari lote, na kadi ya usajili. Injini, rangi na siti vinafuata nyuma.

Najua wengi wetu tunafanya kinyume, maana na mimi nilifanya kinyume. Land Rover yangu ya kwanza niliinunua kwa kusikiliza injini. Muuzaji aliiwasha asubuhi ya baridi, ikashika mara moja, ikanguruma taratibu kama cherehani. Rangi ya kijani mpya kabisa. Chini kote palikuwa pamepakwa lami nyeusi, na muuzaji akaniambia ni ya kuzuia kutu. Nikalipa. Miezi mitatu baadaye, kwenye barabara ya Tukuyu, nikasikia mlio kama wa kuni kavu inayovunjika, gari likaegemea upande mmoja. Kishikio cha springi ya nyuma kilikuwa kimetoboa chasisi na kuingia ndani. Fundi alipochokonoa ile lami kwa bisibisi, chuma kilimeguka kama kipande cha mkate mkavu. Lami ilikuwa imefunika mashimo yaliyozibwa kwa mabati ya debe. Injini nzuri nikabaki nayo, imekaa juu ya gari lililokufa.

Tangu siku hiyo nikaguapo Land Rover sianzi na boneti. Nalala chini. Watu wanadanganyika na bodi kwa sababu ni ya aluminiamu, haipati ile kutu nyekundu. Chasisi ni chuma cha kawaida, tena boksi lenye uwazi ndani, na tope likiingia humo linakaa na unyevu mwaka mzima. Kutu inaanza ndani, unaiona nje ikiwa imeshamaliza kazi. Pale aluminiamu inapogusana na chuma, maji yakipita katikati, aluminiamu yenyewe huliwa ikawa unga mweupe. Ukiona unga huo kwenye maungio ya milango au sakafu, jua gari limenyeshewa miaka mingi.

Nenda na nyundo ndogo. Gonga chasisi kuanzia mbele hadi nyuma, ukisikiliza. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti butu kama ya boga. Gonga hasa boriti ya nyuma kabisa inayobeba ndoano ya kuvutia, vishikio vya springi vyote vinane, na mabawa yanayotoka chasisi kwenda kubeba bodi. Kisha fungua mlango, inua mpira wa sakafuni, tazama panapokaa miguu ya dereva na ule ukuta unaotenganisha injini na watu. Muuzaji akikukataza kugonga, mshukuru na uondoke.

Sasa kadi. Namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma ilingane na iliyo kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu. Kwenye Series II na III imegongwa mbele upande wa kulia, kwenye kishikio cha springi. Mara nyingi imefunikwa na tope na rangi, safisha kwa brashi ya waya taratibu, usitumie grenda, ukiifuta umejitia kwenye kesi. Kisha kabla hujatoa hata shilingi, nenda na muuzaji ofisi ya TRA (Mamlaka ya Mapato) mkahakikishe jina la mmiliki na kama gari lina deni lolote. Wote wawili muwe na TIN (namba ya mlipakodi), mkataba wa mauziano uwe wa maandishi wenye mashahidi, na umiliki uhamishwe pale pale. Msiseme "tutahamisha baadaye". Magari haya yamepita mikono mingi: shamba la chai likamuuzia meneja, meneja akamuuzia dereva, dereva akafariki, na kadi bado ina jina la shamba ambalo halipo tena. Gari la hivyo ni zuri kulitazama tu.

Kuna jambo moja limekuwa jepesi kwetu. Tangu bajeti ya 2017/18 ada ya mwaka ya leseni ya gari iliondolewa, ikahamishiwa kwenye bei ya mafuta. Gari likilala gereji mwaka mzima unalisuka polepole, ada hiyo haikusubiri mlangoni.

Wenye magari haya mtanijazia. Wenye maswali, karibuni.

#2 Mbozi Kahawa (Vwawa)

Mkuu asante sana kwa uzi. Mimi nina swali dogo. Si bora kuagiza moja kwa moja Uingereza, au kuvuka Tunduma kutafuta Zambia, kuliko kuhangaika na haya yaliyooza ya hapa?

#3 Mia na Tisa (Mbeya)

Mkuu, ukiingiza gari hapa nchini lenye zaidi ya miaka kumi tangu litengenezwe, juu ya ushuru wa kawaida unalipa na ushuru wa uchakavu. Gari la 1976 halikwepi hapo. Wakenya wenyewe hawaruhusu kuingiza lililozidi miaka minane. Piga hesabu ya gari, meli na ushuru, halafu linganisha na lililo tayari hapa na namba ya Tanzania. Mimi ningetafuta hapa hapa.

Tena huku kwetu yapo mengi kuliko tunavyodhani. Mufindi, Rungwe na Njombe kulikuwa na mashamba makubwa ya chai, misheni zilikuwa kila wilaya, na wote hao walitumia Land Rover. Halafu kuna barabara yenyewe. Rhodesia (Zimbabwe ya leo) ilipojitangazia uhuru wa upande mmoja tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ilibanwa mafuta kutoka kusini, malori yakaanza kupita hapa Mbeya mchana na usiku, mapipa ya mafuta yakienda, shaba ikirudi, kwenye vumbi na tope mpaka njia ile ikaitwa ya jehanamu. Wazee wa mjini husimulia kwamba hata Mafiati palipata jina kwa sababu ya malori ya Fiat. Kazi ile ililea mafundi. Wakafundisha vijana wao, na baadhi ya vijana hao leo ndio wazee wanaoweza kurekebisha kabureta kwa sikio. Hii ndiyo mali tuliyonayo ambayo mtu wa sehemu nyingine hana. Kabla hujachagua gari, mtafute kwanza fundi wa aina hiyo, umuulize yeye anaijua ipi. Kisha nunua hiyo.

#4 Pijo la Ipogolo (Iringa)

Kamwene wakuu.

Mleta uzi, nakuheshimu ila hapa tupishane kidogo. Unasema injini inafuata nyuma. Kwa Land Rover sawa, maana ile injini ya 2.25 ina chuma kila mahali na spea zake bado zinauzwa. Mimi nina Peugeot 504 familia, ile ya siti saba. Kwa Peugeot, injini uitazame kwa macho mawili.

Bloku, yaani tumbo la injini lenye silinda, ni chuma, lakini hedi, kifuniko chake cha juu, ni aluminiamu. Ikichemsha mara moja tu ukalazimisha kwenda, hedi inapinda na gasketi inaachia. Mtu anakwambia "inapungua maji kidogo", wewe unanunua, kumbe maji yanaingia kwenye oili. Chomoa kijiti cha oili, fungua na kifuniko cha kujazia oili. Ukikuta uji mweupe kama maziwa yaliyoganda, rudi nyumbani na hela yako. Fungua rejeta ikiwa baridi, washa, angalia kama mapovu yanatoka mfululizo. Uzuri wake ni kwamba silinda zake ni za kuchomeka, unanunua silinda na pistoni zake mpya kwa pamoja, huendi kuchonga bloku. Kama unazipata.

Marehemu baba alizipenda Peugeot kwa sababu ya Safari Rally. Alikuwa akituhesabia: 404 ilishinda 1963, ikashinda tena 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1966 na 1967 dereva alikuwa Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapa hapa Tanzania, basi baba alikuwa akisema "gari letu, dereva wetu". Kisha 504 ikashinda 1975 na 1978. Mimi nilipopata kazi nilijua nitanunua nini.

Ushauri wangu kwa wanaopandisha Kitonga na gari la zamani. Ruaha Mbuyuni ni chini na ni joto, kisha ghafla unaanza ukuta. Simama pale, nunua vitunguu vyako, acha injini ipoe, kagua maji na mkanda wa feni. Kisha panda na gia ndogo mapema, usisubiri gari lianze kulalamika. Mshale wa joto ukipita alama yako ya kawaida, egesha panapoegesheka. Kamwe usimwage maji ya baridi juu ya hedi ya moto.

#5 Mia na Tisa (Mbeya)

Mkuu umenirekebisha na nakubali. Hedi ya aluminiamu ni habari nyingine. Hata hivyo, hata 504 yako, ingekuja na injini nzima lakini sakafu imeoza na kadi ya mtu asiyejulikana, ungeinunua?

#6 Pijo la Ipogolo (Iringa)

Nisingenunua. Hapo umenishika.

#7 Spana 14 (Mwanjelwa)

Wakuu mimi ni fundi, hizi gari ndizo zimenilea. Nitaje ninayoyaona gereji kila siku.

Gari ikitoka Dar ikaja huku watu wanasema imechoka. Haijachoka. Mji wetu uko mita kama 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi. Injini ya kabureta inapoteza kama asilimia kumi ya nguvu kwa kila mita elfu. Gari ya nguvu za farasi 70 kule pwani, hapa inabaki chini ya 60. Na kwa sababu hewa imepungua wakati petroli inaingia ile ile, inakula mafuta, inatoa moshi mweusi, plagi zinakuwa nyeusi kama mkaa. Nileteeni nipunguze mafuta kwenye kabureta, nisogeze taimingi (wakati wa plagi kutoa cheche) mbele kidogo, mtashangaa. Ukirudi pwani irudishwe, la sivyo itagonga.

Jambo la pili, kifuniko cha rejeta. Mtu anafunga kifuniko chochote, wengine wanafunga tambara. Hapa Mbeya maji yanachemka kwenye nyuzi kama 94, si 100. Kinachoyazuia yasichemke mapema ni ule mgandamizo wa kifuniko, kila pauni moja inaongeza karibu nyuzi moja na nusu. Kifuniko ni cha bei ndogo, hedi ni ya bei kubwa.

Jambo la tatu watu hawalijui kabisa. Injini za zamani zilitengenezwa kwa petroli yenye madini ya risasi. Ile risasi ilikuwa inakaa kama mto mwembamba kati ya valvu na kitako chake. Petroli hiyo iliondolewa kwenye nchi zetu za Afrika kusini mwa Sahara kufikia Januari 2006. Sasa injini yenye vitako laini, ukiikimbiza sana kwenye mlima mrefu, valvu za moshi zinazama kidogo kidogo, upenyo unafunga, mwisho valvu inaungua. Dalili yake ni kwamba kila ukirekebisha valvu, baada ya muda mfupi zimebana tena. Dawa ni siku ukiinua hedi kwa sababu yoyote ile, mwambie fundi wa mashine akuwekee vitako vigumu kwenye valvu za moshi. Unafanya mara moja tu. Ambaye hajafanya asiogope kuendesha, aende polepole na akague valvu mara kwa mara.

La nne, gari nyingi za Kiingereza za kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1960 bodi yake imeungwa na chanya ya betri, si hasi. Juzi kijana kafunga redio bila kuuliza, imeungua hapo hapo. Angalieni waya wa betri unaokwenda kwenye bodi umetoka upande gani kabla ya kugusa kitu.

La mwisho breki. Mkiishiwa mafuta ya breki msiweke oili ya injini. Mipira ya ndani inavimba, inang'ang'ania, gari inakataa kusimama au inakataa kuachia. Nimeshatoa mipira iliyovimba mara mbili ya ukubwa wake. Mafuta ya breki yanavuta unyevu wa hewa, kwa hiyo hata kama hayajapungua yabadilisheni kila miaka miwili. Yenye maji ndani yanachemka mkiteremka mlima, pedali inaenda mpaka chini.

#8 Mia na Tisa (Mbeya)

Fundi, Mungu akubariki. Hiyo ya breki naomba niikazie, kwa sababu hapa ndipo gari la zamani linapoua.

Land Rover yangu ina breki za dramu magurudumu yote manne. Kutoka Tukuyu hadi Kyela unashuka karibu mita elfu moja. Mtu aliyezoea gari la kisasa anakanyaga pedali njia nzima. Dramu zinapata moto, zinatanuka, na brekishu zikishachomwa zinateleza. Unakanyaga, hakuna kinachoshika. Sheria yangu ni kwamba gia niliyoweza kupandia mlima ndiyo nitakayoshukia. Injini ndiyo inayoshika gari, pedali nakanyaga kwa nguvu kidogo, naachia, dramu zinapumua. Nyuma yangu wanapiga honi na wenye haraka wananipita. Iwambi na Mbalizi nimeshuhudia mengi yaliyotokana na breki, sitaki kuyaandika hapa.

Kwa hiyo siku ya kwanza ya kumiliki gari, kabla ya rangi, kabla ya siti, kabla ya kumchukua mama watoto kwenda kanisani, mipira yote ya breki ibadilishwe. Na hosi zake. Na tazama tairi. Ubavuni kuna tarakimu nne, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Ukisoma 2308, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2008, na hata kama meno yake yamejaa, mpira umeshakufa. Magari haya hutembea kidogo, tairi huzeeka kabla ya kuisha.

#9 Kobe wa Njombe

Wakuu mmeongea Land Rover na Peugeot, sisi wa Volkswagen ya mgongo wa kobe mmetusahau. Mimi ni mwanamke, ni mwalimu, na gari ni 1300 ya mwaka 1972, ya marehemu baba yangu ambaye naye alikuwa mwalimu. Naiendesha kila siku kwenda shule.

Kwa baridi ya Njombe sijui gari linalofaa kuliko hili. Halina rejeta, halina maji ya kuganda wala ya kuchemka. Ila kwa kuwa linapozwa na hewa, feni ndiyo uhai wake. Mkanda ukikatika taa nyekundu inawaka kwenye dashibodi. Ukiiona, zima injini hapo hapo, usiseme nifike nyumbani kwanza. Natembea na mkanda mmoja wa akiba na spana ya kuufungia, na nimejifunza kuubadilisha mwenyewe.

Kama unanunua, inua siti ya nyuma. Betri inakaa humo, na tindikali yake inakula sakafu. Nimeona gari betri imening'inia karibu na lami. Kisha papasa kingo za bodi zilizo chini ya milango, zile ambazo hewa ya moto hupitia, zikioza bodi nzima inalegea.

Halafu naomba mnisikilize kwenye hili. Paipu ndogo ya mpira inayopeleka petroli kwenye kabureta iko nyuma, juu ya injini yenye moto. Ikipasuka petroli inamwagikia injini. Volkswagen nyingi zimeungua hivyo. Paipu ile ni hela ndogo sana. Badilisha siku unayoinunua, na kila ukiona imekauka au imepasuka ngozi, badilisha tena, na ufunge vibano. Beba na kizima moto mahali mkono unapofika, si chini ya mizigo.

Valvu zinarekebishwa kila kilomita 5,000 injini ikiwa baridi kabisa, kwangu nafasi ni milimita 0.15. Oili ni lita mbili na nusu tu, kwa hiyo ikipungua kidogo imepungua sana. Nakagua kila Jumamosi. Spea bado zipo, kwa sababu Mexico waliendelea kuzitengeneza hadi mwaka 2003. Lakini nanunua kabla sijahitaji. Kabatini nina kebo ya mafuta, kebo ya klachi, pointi, kondensa na gasketi. Gari la zamani ukisubiri liharibike ndipo utafute spea, utapanda bajaji mwezi mzima.

Baba aliandika daftari. Kila oili aliyobadilisha, tarehe, kilomita, bei. Nalo naliendeleza. Mtu akikuuzia gari lenye daftari la namna hiyo, muongeze bei.

#10 Mia na Tisa (Mbeya)

Mwalimu, hilo la daftari limenigusa. Naanza langu leo.

Kuhusu bima kwa wote: bima ndogo utaipata popote. Bima kubwa kwa gari la miaka hamsini ni mazungumzo. Makubaliano ya thamani yawe kwa maandishi, na picha za gari pande zote, kabla ya kulipa. La sivyo siku ya ajali watalihesabu kama chuma chakavu.

#11 Mwana Busokelo

Shikamooni wakubwa. Nimesoma uzi wote usiku huu. Nina jambo.

Mzee wangu alifariki mwaka juzi. Ameacha Land Rover 109, Series III, imekaa chini ya mparachichi nyumbani kwa miaka kumi na moja. Kuku wanataga ndani. Ndugu zangu wanataka kuiuza kwa wanunuzi wa chuma, wanapima kwa kilo. Mimi nilifundishwa kuendesha na gari lile, mzee akiwa pembeni yangu, nikiwa na miaka kumi na tano. Kadi ipo, ina jina la mzee. Je, inawezekana? Nianzie wapi? Na je, nikiweka betri mpya na petroli itawaka?

#12 Mia na Tisa (Mbeya)

Mdogo wangu, pole sana kwa msiba. Marahaba.

Kwanza, usiweke betri wala petroli. Usilivute kwa kamba likiwa kwenye gia. Ukilazimisha injini iliyolala miaka kumi na moja, ringi zilizoshikana na kutu zinavunjika, na hapo ndipo unaiua.

La kadi lina njia yake, na lifanyike kabla ya spana yoyote. Gari la marehemu haliuzwi wala halihamishwi na mtoto kwa sababu tu ni mtoto. Kaeni kikao cha familia, mumteue mtu, andikeni muhtasari na wote wasaini. Huyo mtu aende Mahakama ya Mwanzo na muhtasari na cheti cha kifo, aombe kuwa msimamizi wa mirathi. Mahakama ikimteua, yeye ndiye mwenye uwezo wa kisheria kuhamisha gari TRA. Hata hao wanunuzi wa chuma, ndugu wakiwauzia kabla ya hapo, wanauza kitu ambacho bado si chao. Waambie kwa upole, usigombane. Na kama wanataka fungu lao, mkubaliane bei, uwalipe sehemu zao, iandikwe kwenye mgawanyo.

Wakati hayo yanaendelea, nenda na nyundo, fanya kama nilivyoandika juu kabisa. Busokelo mvua ni nyingi, na gari lililokaa juu ya udongo chini ya mti linaoza kwa kasi. Tuletee majibu.

#13 Spana 14 (Mwanjelwa)

Na mimi niongeze kijana. Fungua plagi zote nne, weka kijiko cha oili nyepesi kila silinda, rudisha plagi kwa mkono, acha wiki. Ile hendeli ya kuwashia kwa mbele ipo? Kama ipo itunze kama dhahabu.

#14 Mwana Busokelo

Wakuu, nimerudi. Kikao tumekaa Jumapili. Mama amesema gari lisiuzwe mpaka mahakama imalize, na mimi ndiye niliyeteuliwa. Kesho kutwa nakwenda mahakamani.

Nimelala chini na nyundo kama mlivyosema. Namba imeonekana baada ya kusugua nusu saa, inalingana na kadi yote. Chasisi ya mbele na katikati inalia vizuri pande zote mbili. Boriti ya nyuma imekwisha, nyundo imeingia ndani. Bawa moja chini ya mlango wa kushoto nalo limekwisha. Sakafu ya dereva nzima, ya abiria ina tundu la ngumi. Vishikio vya springi vyote vinalia. Plagi nimefungua, moja imegoma, nimeiacha. Hendeli nimeikuta nyuma ya siti imefungwa kwenye gunia na kamba ya mzee.

#15 Spana 14 (Mwanjelwa)

Plagi iliyogoma usiilazimishe. Mwagia mafuta ya taa pembeni yake jioni na asubuhi.

#16 Mia na Tisa (Mbeya)

Boriti ya nyuma inakatwa na kuchomelewa nyingine, bawa nalo vile vile. Hizo ni kazi za siku chache kwa fundi bodi mzuri, na mimi nimezifanya zote mbili. Gari lako ni zima, mdogo wangu. Watoe kuku, liinue juu ya magogo manne, matairi yasiguse udongo, funika na turubai lakini pembeni pawe wazi hewa ipite.

Fundi, Jumamosi ijayo una nafasi? Mimi nitapitia Mwanjelwa saa kumi na mbili asubuhi. Tutabeba oili, vijiko, jeki na mpira wa kunyonyea petroli ya zamani kwenye tangi. Tutajaribu kuizungusha kwa hendeli, kwa mkono tu.

#17 Spana 14 (Mwanjelwa)

Nipo. Nitakuwa nje na begi la spana.

#18 Mwana Busokelo

Ndaga fijo wakubwa. Mama anasema mje na njaa.